Aliyekalia Kapu la Malimbuko

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Ziwani, kwa wapangaji wa Tassia wanaopandisha madumu ya maji hadi ghorofa ya sita, kwa wenye ploti za Njiru ambazo bado ni mawe na maombi, na kwa kila mwana Eastlands mwenye masikio mawili na nafasi: miongoni mwenu anaishi mlinzi wa hazina ya taifa. Kichwani mwake zimelala mashine ambazo dunia haijaziota. Wabunifu humwendea na siri zao kama wagonjwa waendavyo kwa daktari, na wenye mitaji humsubiri aitikie kwa kichwa ndipo wafungue mikoba. Basi mkimwona, vueni kofia. Asimamishiwe sanamu, na isimamishwe pale karibu na jalala, maana ndipo pekee palipobaki na nafasi.

Mlinzi mwenyewe anaitwa Sylvance Bwire, Msamia wa Busia, umri hamsini na kitu, na wakati tangazo hili linasomwa yuko kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba akifua shuka.

Bwire ni wakala wa hataza. Hataza ni ile karatasi ya serikali inayosema kwamba kitu fulani kimebuniwa na fulani, na kwa miaka ishirini mwingine asikitengeneze wala asikiuze bila ruhusa yake. Watu hudhani ukishabuni kitu, unakibeba kwapani hadi ofisini na kurudi na karatasi. Utarudi na kitu chako tu. Lazima mtu akuandikie maneno ya kusema hasa ulichobuni ni nini, na maneno hayo, yanayoitwa madai, ni kama ua wa shamba. Ukizungushia nyumba peke yake, jirani atalima mpaka kizingitini na hutamfanya kitu. Ukizungushia kijiji kizima, serikali itakuuliza kijiji kilikuwa chako tangu lini. Kazi ya Bwire ilikuwa kujua ua upite wapi, na katika hilo alikuwa na jicho la mwewe.

Tatizo lilikuwa sharti la pili. Kabla maombi hayajapokelewa, ulimwengu usijue. Kitu kikishaonyeshwa hadharani si kipya tena, na kisicho kipya hakina hataza. Sheria ya hapa Kenya ina huruma kidogo kwa mbunifu aliyeropoka, lakini ng'ambo huko, nchi nyingi hazimjui mama yako. Ndiyo maana wakala mzuri ni yule anayekaa kama kaburi.

Sasa lichukue kaburi hilo ulilaze Ziwani. Nyumba zile za kaunti zilijengwa kwa kuta ambazo jirani akikata kitunguu, unajua kama ni kizima au nusu. Watu huazimana chumvi, hasira na hata wageni. Bwire alirithi chumba cha babake, aliyekuwa fundi wa baraza la jiji, akakaa humo bila kutoa hata siri moja kwa jirani yeyote. Akiulizwa anafanya kazi gani, anasema ya ofisi. Ofisi gani? Ya mjini. Mtaa ukaona mtu hawezi kuishi bila kazi, ukampa. Mwaka wa uchaguzi alikuwa jasusi. Bei ya unga ilipopanda akawa dalali wa figo. Corona ilipoingia alijulikana kama muuza majeneza kwa jumla, na watoto wakakatazwa kupokea peremende zake, ambazo kwa kweli hakuwahi kuwa nazo.

Mkewe, Jacklyne, alivumilia. Alisema afadhali mumewe angekuwa na mwanamke, kwa sababu mwanamke angekuwa na jina na angeweza kufuatwa. Hakuwa naye. Alikuwa akila ugali na omena, anatazama ukutani, anatabasamu na kitu asichokisema, kisha analala. "Nimeolewa na kabati," Jacklyne alimwambia siku moja, bila ugomvi, "na ufunguo sikupewa." Akahamia Njiru kwenye ile ploti yao, akajenga vyumba viwili, akapanda sukuma, akaanza kucheka tena. Binti yao Clare yuko Doha. Hupiga simu ya video, na Bwire kwa kutojua kuishika simu vizuri, humwonyesha paji la uso na balbu.

Hivyo ndivyo alivyozoea kufua Jumapili. Mtaa mzima ukiwa kanisani, mfereji hauna foleni na hakuna wa kuuliza mbona mwanamume anajifulia shuka.

Alibaki na rafiki mmoja, Willis Makokha, Mbukusu mstaafu wa reli na mzee wa kanisa. Kila Jumamosi saa ya chai Willis huja, hugeuza dumu tupu likawa kiti chake, na wakacheza drafti kwa vifuniko vya soda, Willis vyekundu, Bwire vyeusi. Urafiki wao ulidumu kwa sababu Willis aliongea kwa niaba ya wote wawili. Alisimulia injini zilizokufa, wachungaji walio hai, na binti yake Lorine, hasa Lorine. Bwire alisikiliza. Kwa wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyoingia chumbani mwake bila kutoka redioni.

Kisha Lorine akaingia ofisini.

Ilikuwa ofisi ndogo ya mjini, meza moja na kiti cha mgeni chenye mguu mgonjwa. Lorine Nerima aliweka mezani kitu kimefungwa kwa leso, na kabla ya kukifungua akasema:

"Baba Clare, baba asijue. Ukimwambia baba umeambia kanisa, na ukiambia kanisa umeambia Facebook."

Bwire akatikisa kichwa. Hata angetaka, kazi haimruhusu.

Ndani ya leso mlikuwa na koki ya shaba, nene kidogo kuliko koki nyingine. Anayeishi Tassia anajua mambo ya maji. Yakija, wa chini wanaoga, wanafua, wanaosha mpaka viatu. Wa juu wanasikia bomba likikohoa tu. Koki ya Lorine ilikuwa ya kufungwa kwenye bomba la kila ghorofa. Ghorofa ikishachota fungu lake, uzito wa maji yenyewe unaifunga, bila stima, na yaliyobaki hayana budi kupanda. Alikuwa ameacha kazi ya dukani kwa ajili yake. Alikuwa amejifungia chumbani kwake ghorofa ya sita na ndoo, mabomba na mkate mkavu. Bwire aliigeuza ile koki mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasema sentensi ambayo hakuulizwa. Alisema, "Hii ni kitu."

Mwenye mtaji alikuwa Magan, muuza mabomba wa Eastleigh, mtu wa maneno machache na simu nyingi. Yeye alitaka kuiuza hadi Kampala, Addis na ng'ambo ya bahari, na hakuficha masharti yake. "Hii hataza yako itakuwa na meno," alimuuliza Bwire, "ama ni ya kutundika ukutani? Watu wa kuiga mimi nawajua kwa majina. Wengine tumekula harusi moja." Kama siri ingevuja kabla ya maombi, alisema, yeye angerudi kuuza mabomba yake na kumtakia kila mtu afya njema.

Bwire akaanza kuandika. Na Jumamosi zikaanza kuwa ndefu.

Kwa sababu Willis sasa alikuwa na hadithi moja tu. Lorine ameacha kazi. Lorine hashiki simu. Lorine amekonda, ameonekana dukani akinunua sili za mpira za kuzibia bomba na kujisemesha. Mama mmoja wa kanisa alisema ni dini ya ajabu, wa pili akasema ni dawa, wa tatu, mwenye huruma zaidi, akasema ni mimba. Willis alizipokea zote tatu akazibeba hadi kwenye ubao wa drafti. Jumamosi moja alinyanyua kifuniko chekundu akakisahau mkononi.

"Baba Clare," akasema, "wewe hupita pande za Tassia. Hujasikia lolote? Hata baya, niambie tu."

Chozi likamdondoka ubaoni, likatulia kati ya kifuniko chekundu na cheusi. Bwire alilitazama. Mchoro wa mwisho wa koki ulikuwa chini ya mto, hatua tatu kutoka pale.

"Cheza," akasema.

Mtu mwenye uchungu hakai akingoja. Siku chache baadaye Willis alikwenda Tassia bila kubisha hodi kwa simu. Lorine hakuwepo, alikuwa Eastleigh kwa Magan. Msimamizi wa ploti, Kavindu, alimjua mzee akamfungulia. Willis alitarajia kukuta mishumaa ya dini ya ajabu, au vifaa vya dawa, au nguo za mtoto mchanga. Alikuta mabomba. Na kwa kuwa mtu wa reli hawezi kuona koki asiizungushe, aliizungusha, na maji yakamwagika ghorofa ya sita siku ambayo wa juu wote walikuwa wamekaukiwa.

Alipiga magoti palepale kwenye unyevu. Mtoto wake hakuwa amepotea.

Sasa angefanya nini mzee wa kanisa wa aina yake na jambo la namna hiyo? Kwao, cha kwanza ni cha Mungu. Hindi la kwanza, yai la kwanza la kuku, mshahara wa kwanza, vyote hupelekwa kanisani kama malimbuko. Huwekwa mbele, hufunuliwa, hufafanuliwa ili watu washangilie vizuri, huombewa, halafu baada ya ibada hupigwa mnada. Palikuwa na koki moja pembeni imefungwa kwa leso, ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa kwa mkono. Willis aliitia mfukoni kwa moyo safi kabisa. Alitaka kumshangaza bintiye.

Jumapili asubuhi Bwire alikuwa kwenye mfereji wa nyuma, mikono povu hadi kiwikoni, akamwona rafikiye anapita amevaa suti ya kahawia, ana kapu. Willis alikuwa aking'aa. Akasimama akaeleza kwa haraka ya mtu anayechelewa baraka: mtoto wake ni mzima, amebuni kitu, maji yanapanda yenyewe, leo ni malimbuko. Ndani ya kapu, kati ya ndizi na pakiti ya unga, chini ya kitambaa cheupe, ikachungulia pua ya shaba.

Bwire akafungua mdomo. Mdomo ule ulikuwa umefungwa miaka mingi kwa kazi, na kazi ilikuwa na kanuni: siri ni ya mteja, bila ruhusa yake husemi hata kwa baba mzazi. Kwa hiyo badala ya kusema "simama", alitafuta simu. Willis akampungia mkono akaenda zake.

Simu ya Lorine iliita ikakatika. Ikaita tena. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya mtu aliye chini ya blanketi, na ilipoelewa, blanketi likaruka. "Mzuie," Lorine akasema. "Baba Clare, mzuie, lakini usiseme ni nini."

Kukimbia kwa mtu wa hamsini na kitu si jambo la kuelezwa kwa urefu. Itoshe kusema aliingia kanisani amevaa kaptura, ndala moja, na shuka mbichi begani kwa kuwa hakukumbuka kuiacha. Kapu lilikuwa tayari mbele. Mama Perez, mpiga mnada mashuhuri ambaye aliwahi kuuza papai moja mara tano, alikuwa ameshika ncha ya kitambaa. Msichana wa kwaya alikuwa ameinua simu, ibada ikirushwa moja kwa moja kwa ndugu wote walio mbali. Willis amesimama na kikaratasi, tayari kufafanua.

Bwire alipita katikati ya viti, akatupa shuka mbichi juu ya kapu, kisha, kwa kuwa shuka peke yake haikumtosha, akaketi.

Ndizi zilisikika.

Mchungaji, kwa upole aliofunzwa chuoni, aliuliza kama ndugu ana ushuhuda. Ndugu hakuwa nao. Mama Perez aliuliza kama ni pombe. Mashemasi wawili walimshika kwapa wakamvuta, naye akakamata kapu kwa miguu. Kwa hakika angeweza kulimaliza kwa maneno machache: kikifunuliwa hapa, hakina thamani tena kule. Lakini kusema hivyo mbele ya simu ile kungemfanya kila mwenye akili aulize ni nini hicho, na Willis, Mungu ambariki, angejibu.

"Baba Clare," Willis akamwambia kwa sauti ya chini, "una nini na mtoto wangu?"

"Hapana," Bwire akajibu. Halikuwa hata jibu la swali hilo.

Lorine alifika kwa pikipiki wakati shemasi wa tatu akitafutwa. Alimnong'oneza babake, akachukua kapu lenye ndizi zilizopondwa na koki iliyo salama, na ibada ikaendelea kwa wimbo mrefu. Jioni Clare alipiga simu kutoka Doha. Alikuwa akitazama. "Baba," akasema, "leo nimekuona mzima. Umekonda."

Pua ya shaba haikuwa siri. Siri ni kilichokuwa tumboni mwake, na hicho hakuna aliyekiona. Jumatatu maombi yaliingia ofisi ya serikali yakapigwa muhuri. Sasa Lorine aliweza kumweleza babake kila kitu, akamweleza.

Jumamosi Bwire alichemsha chai ya watu wawili. Willis alikuja, lakini hakugeuza dumu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ya kanisani nimeelewa," akasema. "Sheria ni sheria, na ndizi ni ndizi. Nimekuja na nyingine. Nililia hapa, mbele yako. Ungesema tu, 'ni mzima'. Maneno mawili. Hayo nayo yana hataza?"

Bwire alitafuta. Alipitia vifungu vyote alivyovijua, na hakuna hata kimoja kilichokataza maneno hayo mawili. Mtu aliyejua ua wa kila shamba upite wapi alikuwa amezungushia kijiji kizima, naye mwenyewe akabaki ndani.

"Hapana," akasema.

Willis akavaa kofia akaondoka. Tangu siku ya lile chozi alikuwa ameacha mchezo katikati, zamu ikiwa yake.

Maombi yakaenda njia yake, nayo ni ndefu kuliko uchumba wa zamani. Mkaguzi wa serikali aliandika kwamba madai ni mapana mno. Bwire akayapunguza upande ambao hakuna mtu angetaka kupita, akayaacha upande ule ambao wote wangepita. Yakaandikwa mengine kwa ajili ya nchi za nje, na Magan, baada ya kuwapa watu wake wa sheria wayasome, akatoa mtaji. Haukupita muda mrefu kiwanda kimoja, ambacho jina lake tuliache lilale, kikatoa koki yake, nyekundu, yenye mpira mahali ambapo ya Lorine ina springi. Kilidhani kimekwepa. Lakini hataza ilipotolewa ilionekana Bwire hakuandika "springi" popote kwenye dai la kwanza. Aliandika "kitu chochote kinachorudi kilikotoka uzito wa maji unapopungua." Mpira nao hurudi. Kiwanda kikaja mezani kuomba ruhusa, kikalipia kila koki, na Magan akampigia Bwire simu kusema tu, "Ina meno," akakata.

Tassia maji yakaanza kupanda. Wa ghorofa ya sita wakanunua sabuni kama watu wengine. Kavindu akalalamika kwamba wapangaji sasa wanaoga mpaka ngazi zinateleza. Lorine alileta nakala ya hataza Ziwani, akataka jina la Bwire liwe mahali fulani humo. Bwire alimweleza kwamba haiwezekani, wakala si mbunifu. Mahali pake kwenye karatasi ile ni kwenye anwani tu, pale penye sanduku la posta. Lorine akacheka, akakaa kidogo, akatazama ubao wa drafti. Alipokwenda, chumba kilirudi kama kilivyo.

Ubao ule Bwire hakuugusa, isipokuwa kuufuta vumbi. Hunyanyua kifuniko kimoja, anafuta chini yake, anakirudisha palepale, halafu cha pili. Jumamosi huchemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, na anakunywa yote kwa sababu sukari ishatiwa.

Alikuwa anamalizia kikombe cha pili Jumamosi moja kivuli kilipoziba mlango. Willis, suti ya kahawia. Alikuwa na karatasi, na aliisoma amesimama wima, kwa sauti ile aliyotumia zamani kutangaza ajali za reli:

"Baraza la wazee wa kanisa, baada ya kufahamu yaliyofichika, limeazimia kwamba ndugu yetu Sylvance Bwire, mlinzi mwaminifu wa kipawa cha binti yetu, mtu aliyekubali aibu ili wengi wapate maji, aalikwe mbele ya kanisa Jumapili, avishwe leso, aimbiwe na kina mama, na apewe nafasi ya kusema neno kwa mataifa yote yatakayokuwa yakitazama."

Akaikunja karatasi mara nne. Kisha akavuta dumu kwa mguu, akaligeuza, akaketi. Alitazama ubao kwa muda mrefu, vifuniko vikiwa palepale alipoviacha, visafi. Akasukuma chekundu kimoja mbele.

"Basi," akasema bila kuinua macho, "utakuja?"

Bwire akasukuma cheusi.

"Jumapili nafua."